Kiangazi cha Dodoma hakikosi matunda

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Nilihamia huku mwaka jana kutoka Bukoba, ambako ndizi na parachichi hazikosekani nyumbani. Hapa, kuanzia Julai hadi mvua ya Desemba, tunda la sokoni ni ghali na mara nyingi limetoka mbali. Lakini wanafunzi wangu huja darasani mifuko imejaa vitunda vya kahawia, vipande vya ubuyu, na tunda moja gumu la mviringo ambalo hulipasua kwa jiwe. Je, matunda hayo yana lishe yoyote, au ni ya kuchangamsha mdomo tu? Yapo yenye sumu? Yapi tunaweza kuyapanda shuleni? Tena, jirani yangu mwenye shinikizo la damu ameambiwa aache vidonge, anywe chai ya majani ya mstafeli. Nimshauri nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na karibu Ugogo. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeliona jambo ambalo sisi tuliolelewa huku tumelizoea hata hatulioni tena, kwamba watoto wanakula matunda kila siku katika miezi ileile ambayo watu wazima wanalalamika kuwa matunda yamekwisha. Nitayajibu yote uliyouliza, ila nitakaa zaidi kwenye ubuyu na ng'ong'o, yaani tunda la mng'ong'o, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona makosa mengi, katika kula na katika kupanda.

Tuanze na hali ya nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka kwa takriban miezi saba. Mgomba uliozoea ukungu wa Ziwa Victoria hauwezi kuvumilia hali hiyo bila kumwagiliwa, ndiyo maana ndizi unazozikuta Soko la Majengo zimesafiri, na bei yake imebeba nauli. Miti ya asili ya huku imejipanga vingine kabisa. Mizizi yake hushuka mbali kutafuta unyevu, matunda yake mengi hunenepa wakati wa mvua, kisha hukomaa wakati wa ukavu. Ubuyu na ukwaju hukaukia mtini, kwa hiyo hukaa miezi bila kuoza na bila jokofu. Kwa hiyo miezi unayoiona kuwa ya ukame wa matunda ndiyo miezi ya mavuno kwa anayejua pa kutazama.

Kinachoyafanya matunda haya yadharauliwe si ladha yake. Kwanza, hayana mwenyewe: hayapandwi, hayapaliliwi, na kwa hiyo hayahesabiki kuwa mali. Pili, yamefungamana na kumbukumbu za shida. Wazee wa Ugogo bado wanasimulia njaa waliyoiita Mtunya, iliyoanza mwaka 1917, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosekana. Wakati wa njaa za namna hiyo watu huishi kwa mizizi na matunda ya porini, na kilicholiwa kwa kukosa kingine hakipewi tena heshima ya kuandaliwa mgeni. Nimewahi kukaribishwa katika nyumba ambayo mbuyu umesimama uani umejaa matunda, nami nikaletewa soda. Nilielewa nia njema ya mwenyeji wangu, lakini iliniumiza.

Sasa ubuyu. Nyama yake ni ule unga mweupe unaozunguka mbegu ndani ya kifuu. Umesifiwa sana tangu Umoja wa Ulaya ulipouruhusu kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, na sifa nyingine zimepitiliza, kwa hiyo ni vyema tukapima kwa namba. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C. Vipimo vya unga wa ubuyu vilivyochapishwa vinatofautiana sana, kutoka chini ya miligramu 100 hadi karibu 500 kwa gramu 100, kwa kutegemea mti, mahali na jinsi unga ulivyohifadhiwa. Ni nyingi, lakini hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga mkavu kwa mara moja kama anavyokula chungwa zima. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kina takriban gramu 10. Tukikadiria miligramu 200 kwa gramu 100, kijiko hicho kinampa mtoto miligramu 20, na mtoto wa shule ya msingi anahitaji takriban 35 hadi 40 kwa siku. Vijiko viwili kwenye kikombe cha maji vinatosha kabisa, na mtoto anayefyonza mbegu za ubuyu njia nzima kutoka nyumbani anapata sehemu nzuri ya mahitaji yake bila kujua. Unga huohuo una madini ya kalisi (kalsiamu) pia, ambayo ni msaada kwa mtoto asiyepata maziwa kila siku.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, inaonekana pale ubuyu unapokutana na chakula cha huku. Ugali na uji wa mtama au uwele, pamoja na mlenda, una madini ya chuma, lakini ni ya aina ambayo mwili huifyonza kwa shida, kwa sababu nafaka hizo zina faiteti, na mtama mwekundu una tanini pia, ambazo hulishika lile chuma lisipite kwenye utumbo. Vitamini C ikiliwa katika mlo uleule hulifungua chuma hilo kwa kiasi kikubwa. Bibi aliyekoroga ubuyu au ukwaju kwenye uji wa mtama alikuwa anafanya kazi ambayo leo tunaieleza kwa kemia. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwani nayo ina tanini. Kama shule yenu inawapa watoto uji au makande, naomba juisi ya ubuyu iwe kinywaji cha mlo huo, na chai, ikiwa ni lazima iwepo, isogezwe mbele saa moja au mbili. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, ningechagua hilo liwe la kwanza kutekelezwa, kwa kuwa halihitaji kupanda chochote.

Zingatieni, hata hivyo, kwamba vitamini C huharibiwa na moto. Wengi huchemsha ubuyu pamoja na mbegu zake hadi maji yawe mazito, na hapo hubaki ladha na kalisi, lakini vitamini nyingi imekwenda. Chemsheni maji peke yake, yaacheni yapoe hadi mkono uyavumilie, ndipo mloweke ubuyu, mkoroge na kuchuja. Uji nao uongezwe ubuyu baada ya kuepuliwa. Ule ubuyu mwekundu wa pakiti, uliopakwa sukari, rangi, iliki na pilipili, una asili yake ya pwani na ni mtamu, sina ugomvi nao kama kitu cha sikukuu. Lakini kwa mtoto wa kila siku ni peremende iliyovaa jina la tunda. Mnunulieni ule mweupe.

Kuhusu kuhifadhi, tunda likiwa na kifuu kizima hukaa kwa miezi. Likipasuka likalowa, huota ukungu, na huo hauondolewi kwa kuanika upya. Watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara hawahitaji kukumbushwa madhara ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwani mwaka 2016 iliua watu katika mikoa hiyo kupitia nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Sisemi kwamba ubuyu ndio ulioleta balaa lile, ila kanuni ni moja kwa kila kinachokaushwa: nunua kilicho kavu, kitazame ndani, kihifadhi katika chombo kinachofungwa vizuri, na chenye madoa meusi au harufu ya uvundo kitupe bila huruma.

Mbuyu wenyewe una matatizo ambayo watu hawayajui. Maua yake hufunguka jioni, huchavushwa na popo usiku, na huanguka ndani ya siku moja, kwa hiyo kijiji kinachofukuza popo wote kwa moto na moshi kinajipunguzia ubuyu. Kubwa zaidi ni hili: mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Majani yake ya mwanzo ni moja moja, hayajagawanyika kama vidole vya mkono yalivyo majani ya mti mzima, na mkulima anayepalilia huung'oa akidhani ni gugu. Sisi sote tunasema mbuyu ulianza kama mchicha, lakini wachache wanaoweza kuutambua ukiwa bado mchicha. Mbuzi humalizia iliyobaki. Ndiyo sababu katika maeneo mengi ya Chamwino na Bahi unakuta mibuyu mikubwa ya kale na huoni hata mmoja wa umri wa mtoto wa darasa la saba. Wafundishe wanafunzi wako sura ya mche ule, nao wakiukuta shambani wauzungushie miiba.

Ukwaju nitausema kwa kifupi kwa sababu unafahamika, ingawa hutumika pungufu ya unavyostahili. Uchachu wake unatokana zaidi na asidi ya tartariki, asidi ileile inayotawala kwenye zabibu za Hombolo na Makutupora, na si matunda mengi yenye asidi hiyo kwa wingi. Kwa vitamini C ukwaju hauufikii ubuyu hata kidogo, lakini una nguvu nyingine: hulainisha choo, huhifadhika mwaka mzima ukikandwa na chumvi kidogo, na huchachusha mboga pale ndimu inapouzwa kwa bei ya dhahabu. Msiupike kwenye sufuria ya alumini wala kuulaza humo, maana asidi hula alumini hiyo na kuitia kwenye chakula. Tumieni chungu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mtoto anayeufyonza siku nzima asukutue mdomo kwa maji, kwa kuwa asidi hulainisha meno.

Vile vitunda vya kahawia vilivyojaa mifukoni, kwa maelezo yako na kwa msimu wenyewe, naamini ni kunazi. Tunda la mkunazi huanza kijani, huwa la manjano, kisha hukunjamana na kuwa kahawia kama tende ndogo. Likiwa limeiva na bado halijakauka lina vitamini C inayoweza kuzidi ya chungwa. Likikauka hupungukiwa vitamini hiyo na kubakiwa na sukari, kwa hiyo hutia nguvu. Ni tunda salama. Kasoro yake ni kokwa kubwa na nyama chache, lakini hiyo ni kasoro ya mkunazi wa porini. Nchini India watu wamechagua mikunazi yenye matunda makubwa kama yai la kuku, wakaizalisha kwa kubebesha vikonyo juu ya mashina ya kienyeji, na mti huwahi kuzaa ndani ya miaka miwili au mitatu. Ni mti uleule, katika nchi kavu kama hii. Tofauti iliyopo ni kwamba wao waliuona ni mti wa shambani, sisi tumeuacha uwe wa mbuzi. Hata bila aina hizo za kigeni, katika kata moja utaona mikunazi inayotofautiana sana kwa ukubwa na utamu wa tunda, na watoto wanajua upi ni upi. Waulizeni. Orodha yao ya miti mitamu ni hazina ambayo hakuna ofisi iliyo nayo.

Tunda gumu la mviringo linalopasuliwa kwa jiwe ni tonga. Hutoka kwenye mtonga, ambao wataalamu wa mimea huuita Strychnos cocculoides, na upo ndugu yake wa karibu, Strychnos spinosa, mwenye tunda linalofanana nalo. Ganda ni kama mbao, ndani mna rojo ya manjano au ya kahawia iliyoshikamana na mbegu nyingi bapa. Huiva mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo karibu kila kitu kingine kimekwisha, na hilo pekee linatosha kulipa heshima. Hapa ndipo swali lako la sumu lina uzito. Jamii ya mitonga ndiyo inayozaa sumu kali ya strikinini huko Asia, na katika Afrika pia wamo ndugu zake wasioliwa. Kwa hiyo kanuni tatu zishikwe. Liliwe lililoiva tu, maana bichi huchafua tumbo. Rojo ifyonzwe na mbegu itemwe, isitafunwe wala kusagwa kwenye juisi, kwa hiyo mashine ya kusagia matunda isitumike kabisa. Na tunda liokotwe kwenye mti unaojulikana na wenyeji wa mahali hapo. Mtonga usioliwa na watoto wa kijiji usiwe wa kwanza kuujaribu. Mtoto akila tunda lolote la porini, kisha misuli ikaanza kukakamaa au kushtuka-shtuka, apelekwe kituo cha afya saa ileile pamoja na mabaki ya tunda, msisubiri kumnywesha maziwa.

Ng'ong'o hukuyataja, labda kwa kuwa msimu wake huwa umepita kufikia miezi uliyoitaja. Mng'ong'o, Sclerocarya birrea, huangusha matunda yake yakiwa bado ya kijani mwishoni mwa mvua, nayo humalizikia kuiva chini, yakawa manjano na kunukia hatua kadhaa kutoka mtini. Nyama ni chache, nyeupe, chachu na tamu, na vitamini C yake kwa kawaida huzidi ya chungwa. Ndani ya kokwa kuna kiini chenye mafuta mengi, kitamu kama korosho, ambacho sisi hukitupa kwa kushindwa kuvunja kokwa. Kusini mwa Afrika wanawake wa vijijini huuza matunda haya na mafuta ya kiini chake, na kinywaji cha Amarula kinachouzwa dunia nzima kinatengenezwa kwa tunda hilo. Huku kwetu nimeona lundo lake likiozea chini ya mti kando ya barabara kuu, mbuzi wameshiba, watu wanapita.

Mng'ong'o ulinifundisha kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilipanda miche kumi na miwili ya mbegu katika shamba la familia, nikaizungushia miiba, nikaibebea maji ndoo kwa ndoo katika viangazi viwili vya kwanza. Ilipofikia umri wa kuchanua nilikuta minane ni dume. Mti huu una mti jike na mti dume, na dume hautoi tunda milele. Nilikuwa nimesoma jambo hilo, lakini sikulifanyia kazi. Njia iliyo bora ni kukata tawi nene la mti jike ambao matunda yake umeyaonja, unene wa kifundo cha mkono na urefu unaozidi mita moja, kabla mti haujaanza kuchipua kuelekea mvua, ukalizika theluthi yake ardhini. Mengi hushika. Tawi la jike huwa jike, na utamu wake ni uleule. Acheni tu pawepo na mti dume mmoja katika eneo, wa porini unatosha, ili nyuki wapate chavua.

Yapo mengine nitakayoyapitia haraka. Furu ni tunda jeusi linaloteleza, tamu kama sukari guru, lina kokwa moja, na halina tatizo isipokuwa kwamba huharibika upesi. Mbula hupatikana zaidi ukielekea magharibi, kwenye misitu ya miyombo ya Manyoni hadi Tabora. Nyama yake ni ya unga unga na hushibisha hasa. Kole ni vitunda vidogo mno vya vichaka vya mkole, vinavyofyonzwa tu, na thamani yake kubwa ni kumchangamsha mchungaji wa mbuzi. Tunda la mpungate, ule mmea wa miiba uliofanywa ua kwenye maboma mengi, linaliwa na lina maji mengi, ila lina vijimiiba vidogo visivyoonekana ambavyo lazima viondolewe kwa kulisugua mchangani au kulipitisha motoni kabla halijagusa mdomo. Tunda la mjunju lina utamu wenye uchungu kwa nyuma, linaliwa, lakini maji yaliyoloweka maganda au mbegu zake yasimwagwe bwawani, kwa kuwa yanaua konokono na samaki pia.

Sasa jirani yako. Mwambie, kwa upole lakini bila kuzunguka, asiache vidonge. Shinikizo la damu halimuumizi mtu siku anayoacha dawa, ndiyo maana anaweza kudhani amepona, kisha kiharusi kikamkuta. Majani ya mstafeli yamepimwa zaidi kwa wanyama wa maabara kuliko kwa wagonjwa, na hakuna kipimo cha chai kinachojulikana kuwa tiba. Zaidi ya hapo, mstafeli na ndugu zake, yaani mtopetope na mtomoko, wana kemikali iitwayo anonasini inayodhuru chembe za neva. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka kisiwa cha Guadeloupe ulihusisha ulaji mwingi na wa muda mrefu wa matunda na chai ya majani ya jamii hiyo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili unaofanana na Parkinson, ambao dawa za kawaida haziusaidii vizuri. Tunda la stafeli kulila mara moja moja ni jambo la kawaida na la raha. Chai ya majani yake kila asubuhi kwa miezi ni jambo jingine. Mbegu zake zisitafunwe, na unga wa mbegu hizo usikaribie macho. Hayo hayo ya kutoacha dawa nayasema kwa wale wanaosaga mbegu za zambarau kwa ajili ya kisukari. Kama jirani yako anapata shida na vidonge vyake, iwe ni kikohozi, kizunguzungu au bei, aseme hivyo kwa daktari, kwa maana vipo vya namna nyingi na hubadilishwa.

Limebaki suala la kupanda shuleni. Usianze na mbuyu kama unataka wanafunzi waone tunda. Ule wa mbegu huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Panda miwili mbali na majengo, kwa ajili ya watakaokuja. Mkwaju wa mbegu nao unahitaji takriban miaka saba au zaidi, lakini kivuli chake ni kizuri kwa kusomea. Kwa matunda ya karibu ningekuchagulia mikunazi sita hadi kumi iliyotokana na miti ile iliyosifiwa na watoto. Mbegu yake hupandwa palepale itakapokaa, kwa kuwa mzizi wake mkuu hushuka haraka na huchukia kuhamishwa. Kokwa ikigongwa taratibu ikapasuka, mbegu zilizomo ndani huota ndani ya wiki moja au mbili, ilhali kokwa nzima hukaa sana. Mbegu za mbuyu zina ganda gumu. Zimwagiwe maji yaliyotoka kuchemka na ziachwe humo usiku kucha. Matawi ya mng'ong'o yachomekwe kando ya uzio. Karibu na bomba la kunawia mikono, maji yanapomwagika, panda mtopetope mmoja au miwili.

Mashimo yachimbwe Oktoba au Novemba, yajazwe samadi iliyooza vizuri na udongo wa juu, yakisubiri mvua ya kwanza ya kweli. Mnajua wenyewe kwamba mvua ya mwanzo huku hudanganya, kwa hiyo subirini udongo ulowe hadi kina cha mkono mzima. Kila shimo lizungushiwe tuta la nusu mwezi upande wa mteremkoni ili kukusanya maji, na nyasi kavu zitandazwe lakini zisiguse shina, maana mchwa hupanda nazo. Mbuzi ndio watakaoamua kama mradi huu utaishi au utakufa, hivyo miiba ya mgunga ikatwe mapema, kabla ya miche na si baada yake. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili kila mche upate lita tano za maji kwa wiki wakati wa kiangazi. Maji ya kusuuzia vyombo vya uji yanatosha kabisa. Na kama mtaokota mbegu au matunda ndani ya msitu wa hifadhi, ulizeni kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nanyi, kwa kuwa mazao ya msitu huchukuliwa kwa kibali.

Kwa kuwa sasa umeshawajua wanafunzi wanaokuja na kunazi nzuri, waombe wikendi hii wakuonyeshe miti yenyewe, mmoja baada ya mwingine, muufunge kila mmoja utepe. Matunda yakishaokotwa yote haitakuwa rahisi kuutambua upi ulikuwa mtamu.